Mapenzi ya Yasmin, Nyumba ya Mwajuma

Wasee, Vuta N'kuvute ni tamu, na asije mtu kuniambia eti ni kitabu cha mtihani tu. Shafi Adam Shafi aliitoa 1999, filamu ya Amil Shivji ikaja 2021, na mimi bado narudi kwa riwaya. Zanzibar, miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mzee wa kutosha kuwa babake. Anamtoroka. Baadaye anampenda Denge, kijana Mwafrika aliyesoma Urusi, ambaye polisi wa mkoloni wanamwinda kwa sababu ya siasa. Kila wakikaa pamoja, nangoja tu mlango ugongwe. Hapo nimeshikwa, nakubali.

Shida yangu ni Mwajuma. Watu wa Yasmin wanapomkataa, anayempokea ni Mwajuma, huko kwake Ng'ambo. Chumba ni chake, chakula ni chake, hata raha za taarabu Yasmin anazipata kupitia kwake. Riwaya inampenda huyu dada, sikatai. Lakini umaskini wake umegeuzwa kuwa ucheshi na roho safi, kana kwamba maskini huzaliwa na kitanda cha mgeni. Nani analipa?

Maana Ng'ambo ilikuwa na malipo yake. Majumba ya mawe yalikuwa Mji Mkongwe. Upande wa pili wa hori wakakaa vibarua, wachukuzi, na wengi waliokuwa watumwa kabla ya amri ya 1897 kuondoa utumwa kisheria, pamoja na watoto wao. Mtu alijenga nyumba yake ya udongo, lakini ardhi iliyo chini ilikuwa ya mwingine, so alilipa kodi ya kiwanja. Kodi ilipopanda, mwaka wa 1928 watu wakagoma kulipa. Mwaka wa 1948 makuli wa bandarini wakagoma pia, na mgomo ukaenea mjini. Yaani kina Mwajuma walishajua kugoma kabla Denge hajarudi na vitabu vyake. Kwa riwaya, mwanga unaletwa na msomi. Mimi niliyeacha chuo hapo nacheka kidogo.

Labda naliona hili haraka kwa sababu natoka Lumakanda. Huku Lugari palikuwa mashamba ya masetla, na uhuru ulipokuja watu wakapewa ploti za skimu kwa mkopo wa serikali. Muulize mzee wa huku vile alivyooa, kabla hajamaliza ashaingia kwa deni la shamba na magunia ya mahindi. Mapenzi na hesabu, zote kwa hadithi moja.

Mimi ningetaka ukurasa mmoja tu: Yasmin na Denge wako chumbani, na Mwajuma yuko nje peke yake akihesabu senti za kodi. Mlango unagongwa. Si polisi. Ni mwenye kiwanja.