Nyimbo za Krismasi Zilizopitia Leipzig

Tunaziimba kila Desemba kana kwamba zilizaliwa kamili, maneno na muziki siku moja. Ukizifuatilia nyimbo kongwe za Krismasi, utakuta nyingi ziliungwa kipande kwa kipande, wakati mwingine na watu ambao hawakuwahi kuonana. Mbili kati ya zile mashuhuri zaidi zilipitia mji mmoja wa Ujerumani, Leipzig.

"Usiku Mtakatifu" ulianzia milimani. Mwaka 1816, huko Mariapfarr katika nchi ya Salzburg, padre kijana Joseph Mohr aliandika shairi la beti sita. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na Mohr, mtoto wa mfumaji maskini na askari ambaye hakumlea, aliandika juu ya amani kwa watu waliokuwa na kiu nayo. Shairi likakaa miaka miwili. Desemba 24, 1818, akihudumu Oberndorf kando ya Mto Salzach, alimpa Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule wa kijiji jirani na mpiga kinanda wa kanisa, akamwomba atunge muziki wa sauti mbili, kwaya na gitaa. Gruber alimaliza siku hiyohiyo. Usiku Mohr akapiga gitaa na kuimba sauti ya tenor, Gruber akashika besi, kwaya ikarudia mistari ya mwisho ya kila ubeti.

Simulizi moja inayopendwa sana husema gitaa lilitumika kwa sababu panya walikuwa wametafuna kinanda. Gruber mwenyewe alieleza chanzo cha wimbo kwa maandishi mwaka 1854, na hakuwataja panya hata mara moja. Mimi namwamini Gruber.

Karl Mauracher, fundi wa vinanda kutoka bonde la Ziller, ndiye aliyeubeba wimbo hadi kwao. Huko ukachukuliwa na familia ya Strasser, wauzaji wa glavu waliozunguka masoko ya Ujerumani wakiimba ili kuvuta wateja. Krismasi ya mwaka 1831 waliuimba Leipzig, ukapendwa, na muda mfupi baadaye ukachapwa Dresden kama wimbo wa kienyeji wa Tyrol, bila jina la Mohr wala la Gruber. Wengine wakadhani ni kazi ya Michael Haydn. Mwaka 1839 ulikuwa umeshaimbwa New York. Mohr alikufa mwaka 1848 akiwa fukara. Haki yake ilikamilika mwaka 1995, ilipopatikana nakala ya mwandiko wake yenye kuonyesha mwaka wa shairi. Kufa fukara hivyo naona ni uchungu mkubwa kwa mtu aliyeupa ulimwengu zawadi kama ile.

Wimbo wa pili ni ule wa malaika wanaotangaza kuzaliwa kwa Mfalme. Charles Wesley, kasisi wa Kianglikana na mmoja wa waasisi wa Umethodisti, alichapisha maneno yake mwaka 1739. Muziki tunaoujua ulikuja baada ya karne nzima, na haukuwa wa Krismasi: Felix Mendelssohn aliutunga kwa sherehe ya Leipzig ya mwaka 1840 ya kumuenzi Gutenberg na uchapaji wake. Mendelssohn hata aliona kwamba haungefaa maneno ya dini. William Cummings, mpiga kinanda wa Waltham Abbey nchini Uingereza, aliyewahi kuimba utotoni chini ya uongozi wa Mendelssohn, aliviunganisha mwaka 1855, Wesley na Mendelssohn wote wakiwa wameshafariki.

Kutoka Leipzig hiyohiyo walikuja wamisionari wa Kilutheri walioanza kazi Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Kwa hiyo Mlutheri wa Machame anapoimba "Usiku Mtakatifu" anaimba maneno ya padre Mkatoliki, na Mkatoliki anayeuimba ule wa malaika anashika maneno ya Mmethodisti kwa muziki wa Mprotestanti aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi.