Saa Mbili za Damu, Siku Tatu za Uchungu: Historia ya Rufaa ya Uzazi Eldoret

Historia ya matibabu ya uzazi katika nyanda za juu za Uasin Gishu haieleweki vizuri kwa kuhesabu majengo na madaktari peke yake, kwa sababu kila hatari ya uzazi ina saa zake, na saa hizo hazingoji jengo likamilike wala daktari afike. Mwaka 1987 Deborah Maine wa Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani alichapisha makadirio ambayo tangu hapo yamekuwa msingi wa mipango mingi ya uzazi salama: mama anayevuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua, asipopata tiba, huweza kufariki kwa wastani wa saa 2 tangu damu ianze kumwagika, mwenye kifafa cha mimba, yaani degedege linalomshika mjamzito ambaye shinikizo lake la damu limepanda, huwa na takriban siku 2, ambaye uchungu wake umekwama huwa na siku 3, na aliyeingiwa na maambukizi katika mji wa mimba huwa na siku 6. Makadirio hayo yakiwekwa juu ya ramani ya nchi inayouzunguka mji wa Eldoret, ambako ardhi huporomoka zaidi ya mita 1,000 kutoka ukingo wa Elgeyo hadi bonde la Kerio, na ambako upande wa kaskazini barabara huendelea mamia ya kilomita kupitia Pokot Magharibi hadi Turkana, huonekana mara moja kwa nini neno lililobeba uzito kuliko yote katika historia hii ni rufaa: kumhamisha mgonjwa kutoka mahali pasipo na uwezo wa kumtibu hadi mahali penye uwezo huo, kabla saa zake hazijakwisha.

Kabla ya kuwapo mji, uzazi miongoni mwa Wanandi, Wakeiyo, Wamarakwet na jirani zao ulikuwa mikononi mwa wanawake wazee waliopokezana maarifa ya ukunga kizazi baada ya kizazi. Wakunga hao walijua kupapasa tumbo na kutambua jinsi mtoto alivyolala, walijua kumtuliza mzazi, kumbadilishia mkao na kumwangalia siku za baada ya kujifungua. Na kwa kuwa wajawazito wengi hujifungua bila matatizo makubwa, heshima waliyopewa ilikuwa haki yao. Kilichowashinda ni yale machache ambayo hayatibiki kwa mikono mitupu, yaani kondo la nyuma lililong'ang'ania huku damu ikimwagika, nyonga isiyoweza kupitisha kichwa cha mtoto, na degedege. Hata hivyo lingekuwa kosa kudhani kwamba Afrika Mashariki nzima haikuwa na upasuaji wa uzazi kabla ya wageni, kwa maana mwaka 1879 mmisionari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, mpasuaji mwenyeji akimtoa mtoto kwa kumpasua mama aliyeleweshwa kwa pombe ya ndizi, kisha jeraha likafungwa kwa pini za chuma na kupakwa dawa ya mizizi, na mama na mtoto wakaishi. Ustadi huo wa Bunyoro haukuwa desturi ya nyanda za Uasin Gishu, lakini unatosha kuonyesha kwamba wazo la kuokoa maisha ya mzazi kwa kisu halikuletwa Afrika Mashariki na reli.

Mji wenyewe ulizaliwa kutokana na ugawaji wa ardhi kwa walowezi. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908, na kituo kilichochipuka kando ya mto Sosiani katika shamba nambari 64 kiliitwa kwa nambari hiyo kwa Kiingereza, ambayo wenyeji waliitamka Sisibo, jina ambalo Wakalenjin wanalitumia hadi leo, hata baada ya serikali kuupa mji jina la Eldoret mwaka 1912. Mwaka 1917 ilifunguliwa hospitali ndogo yenye vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika, katika utawala uliotenga huduma za afya kwa misingi ya rangi, na hospitali hiyo ndiyo mbegu ya taasisi yote iliyofuata. Si haki kuipima kwa vipimo vya leo. Mwaka huo wa 1917 hapakuwa popote duniani na dawa ya kuua bakteria wa homa ya uzazi, kwa kuwa dawa za salfa zilianza kutumika katikati ya miaka ya 1930. Wala ergometrini, dawa inayoubana mji wa mimba ili damu ikome, haikuwa imetambuliwa, kwa kuwa ilitambuliwa London mwaka 1935. Penisilini na damu ya akiba vilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, ilirahisisha usafirishaji wa mahindi na ngano. Mama wa Marakwet aliyekwama katika uchungu haikumpa nafuu yoyote, na kwa upande wake msaada ulikaribia zaidi pale Misheni ya Africa Inland ilipofungua hospitali ya Kapsowar mwaka 1933, juu ya milima ya Cherang'any.

Miongo ya kwanza baada ya uhuru ilileta zahanati, yaani vituo vidogo vya matibabu vya vijijini, na vituo vya afya vyenye wauguzi na wakunga waliosomea kazi hiyo, na hapo ndipo tatizo la saa lilipojitokeza kwa sura mpya. Mkunga aliyekuwa peke yake kituoni usiku, asiye na chumba cha upasuaji, alihitaji kujua si jinsi ya kupasua bali ni lini aache kusubiri. Chombo kilichompa jibu hakikutoka Ulaya. Mwaka 1972 Hugh Philpott na mwenzake Castle, wakifanya kazi katika mji unaoitwa sasa Harare, walichapisha patografu, karatasi yenye mistari ambayo mkunga huchora juu yake jinsi mlango wa mji wa mimba unavyofunguka saa baada ya saa, pamoja na mapigo ya moyo wa mtoto na hali ya mama. Karatasi hiyo ina mstari wa tahadhari, na baada yake, kwa umbali wa saa 4, mstari wa hatua: mchoro ukivuka mstari wa kwanza, mama aliye kituoni aanze safari ya kwenda hospitali, na ukivuka wa pili, daktari aamue la kufanya bila kukawia. Saa 4 zilizowekwa kati ya mistari hiyo miwili zilikuwa, kwa hakika, saa za safari, zilizokadiriwa na watu walioujua umbali kati ya zahanati za Afrika na hospitali zake. Ni vigumu kutaja uvumbuzi mwingine wa uzazi uliozingatia barabara kwa unyofu kiasi hicho, na inasikitisha kwamba mara nyingi katika vituo vyenye msongamano karatasi hiyo hujazwa mtoto akishazaliwa, kwa ajili ya kumbukumbu tu, wakati ambapo haina tena la kumwambia mtu.

Mageuzi makubwa ya Eldoret yalianza na elimu. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1984, na kitivo chake cha sayansi za afya kikafuata mwishoni mwa muongo huo, kikijengwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kitivo hicho kiliwataka wanafunzi wa udaktari wakae vijijini kwa vipindi maalumu na kujifunza matatizo ya jamii pale yanapotokea, hivyo daktari kijana aliyekuja kuwapokea wagonjwa wa rufaa mjini alikuwa amekwisha kuona njia waliyopita. Kwa Tangazo la Kisheria nambari 78 la tarehe 12 Juni 1998, iliyokuwa hospitali ya wilaya ikawa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ya pili ya daraja hilo nchini baada ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ya Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Mwaka 2001 ushirikiano huo ulizaa mpango wa AMPATH, ulioanza kwa kuwatibu wenye virusi vya Ukimwi mjini Eldoret na katika kituo cha afya cha Mosoriot, na kwa njia hiyo kinga ya kumzuia mama asimwambukize mtoto ikaingia katika kliniki za wajawazito za magharibi mwa Kenya. Mwaka 2009 ilifunguliwa Hospitali ya Mama na Mtoto ya Riley, jengo lililotengwa kwa ajili ya wazazi na watoto wachanga ndani ya eneo hilo hilo la hospitali kuu.

Tiba yenyewe ilikuwa ikibadilika. Kwa muda mrefu kifafa cha mimba kilitulizwa kwa dawa za usingizi na za degedege la kawaida, mpaka majaribio makubwa ya kimataifa, la kwanza mwaka 1995 na lililofuata, lililohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, mwaka 2002, yalipothibitisha kwamba magnesiamu salfeti, chumvi ya bei nafuu inayodungwa kwenye mshipa au kwenye nyama, huzuia degedege lisirudi, na ikitolewa mapema kwa mwenye shinikizo kubwa hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa kushikwa nalo kabisa. Faida yake kubwa kwa eneo kama la Eldoret ni kwamba dozi ya kwanza huweza kutolewa na muuguzi wa kituo cha afya kabla gari halijaondoka. Mama husafiri akiwa amekwisha kuanza kutibiwa, na zile siku 2 hurefuka.

Damu, kinyume chake, haimkubalii mtu kurefusha chochote. Kenya ilijenga huduma ya kitaifa ya damu salama baada ya shambulio la bomu la Agosti 1998 mjini Nairobi kudhihirisha jinsi akiba ilivyokuwa haba, na Eldoret ikawa mojawapo ya vituo vya kanda vya kukusanya na kupima damu hiyo. Lakini chupa iliyo mjini haimfikii anayevuja damu Kerio ndani ya saa 2. Kwa sababu hiyo, maendeleo yaliyookoa wengi ni yale yaliyomfikia mzazi pale alipo, kuanzia sindano ya oksitosini inayotolewa mara tu mtoto anapozaliwa hadi jaribio lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023. Humo mfuko wa plastiki wenye vipimo, unaowekwa chini ya mzazi ili damu ionekane kwa mililita badala ya kukisiwa kwa macho, ukiambatana na tiba zote zinazotolewa kwa pamoja, ulipunguza uvujaji mkubwa kwa asilimia 60. Kosa la kukisia kwa macho, ambalo karibu kila mara huonyesha damu pungufu kuliko iliyomwagika, ni la zamani kama ukunga wenyewe.

Kulikuwa pia na mlango wa fedha. Ada zilizoingizwa hospitalini mwaka 1989 chini ya sera ya kuchangia gharama ziliwafanya wengi wachelewe nyumbani wakitafuta pesa, na huko nyumbani ndiko saa zilikokwenda. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilifuta malipo ya kujifungua katika vituo vya umma, na mpango huo baadaye ukaitwa Linda Mama. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba wazazi waliohudumiwa na mtaalamu walikuwa asilimia 44 katika utafiti wa mwaka 2008-09, 62 mwaka 2014 na 89 mwaka 2022. Ongezeko hilo ni la kushangilia, ila linaficha jambo zito. Ripoti ya kwanza ya kitaifa ya uchunguzi wa siri wa vifo vya wazazi, yaani uchunguzi unaoficha majina ili kutafuta sababu badala ya mkosaji, ilichambua vifo 484 vya mwaka 2014 vilivyotokea hospitalini na kubaini kwamba katika karibu 9 kati ya 10 huduma ilikuwa na kasoro ambayo pengine ingeweza kubadilisha matokeo. Kufika mlangoni, kwa maneno mengine, hakukuwa tena mwisho wa hatari, na migomo mirefu ya madaktari na wauguzi kati ya Desemba 2016 na Novemba 2017 ilionyesha jinsi mlango wenyewe unavyoweza kufungwa.

Wapo wanawake ambao kwao saa zilikwisha lakini uhai ukabaki, nao ndio ushahidi ulio wazi kuliko takwimu. Uchungu ukikwama kwa siku kadhaa, kichwa cha mtoto hubana nyama laini baina yake na mfupa wa nyonga mpaka zinakosa damu na kufa, na zinapobanduka huacha tundu linalovujisha mkojo, au kinyesi, bila kukoma. Hilo ndilo jeraha linaloitwa fistula, na mara nyingi huja pamoja na kufiwa na mtoto na kuepukwa na watu. Mjini Eldoret daktari Hillary Mabeya, aliyejitolea kwa upasuaji wa fistula, alianzisha hospitali ya Gynocare inayowapokea wanawake kutoka kaunti nyingi, wengine wakiwa wameishi na jeraha hilo kwa miaka. Daktari hushona tundu kwa tabaka, huweka mpira wa kupitisha mkojo kwa takriban wiki mbili ili kibofu kipumzike, kisha, mgonjwa anapokuwa mkavu na tayari kurudi kwao, humpa agizo moja ambalo huandikwa na kurudiwa kwa mdomo: akishika mimba tena, asingoje uchungu uanze, bali aje hospitali mapema, siku ikiwa imepangwa, ajifungue kwa upasuaji.