Mapigo Saba, Mapigo Manne: Ubishi Usiokwisha wa Wapenda Roki



Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Msemo huo unawafaa sana wapenzi wa muziki wa roki, ambao kwa zaidi ya nusu karne wamekuwa wakibishana juu ya jambo moja: wimbo upi una mapigo magumu zaidi, na je, ugumu huo ndio ubora? Niliukuta ubishi huu katika bweni nilipokuwa nasomea uhandisi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo haujamalizika. Kwa kuwa hesabu ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote, nimeona nilifuatilie suala hili tangu mwanzo wake.

Kwanza tuelewane maneno. Muziki wa Kizungu huandikwa kwa kuyagawa mapigo katika mafungu, na mwanzoni mwa karatasi huwekwa tarakimu mbili. Ya juu husema fungu lina mapigo mangapi, na ya chini husema pigo lenyewe ni la aina gani. Nyimbo nyingi za roki ni 4/4, yaani moja, mbili, tatu, nne, kisha tena moja. Walzi ni 3/4. Anayetumia 5/4 au 7/8 ametoka nje ya njia iliyozoeleka, na hapo ndipo mashabiki huanza kuhesabu kwa vidole. Sisi tuliolelewa na mashairi hatupati tabu kuelewa: ni kama mizani. Mtu akitusomea utenzi wa mizani nane, kisha akapenyeza mshororo wa saba, sikio hushtuka kabla akili haijajua kwa nini.

Hesabu hizi hazikuzaliwa katika roki. Mwaka 1958 mpiga piano wa jazi wa Marekani, Dave Brubeck, alisafiri na bendi yake katika ziara iliyodhaminiwa na wizara ya mambo ya nje ya nchi yake. Mjini Istanbul aliwasikia wanamuziki wa mitaani wakipiga mdundo wa tisa uliogawanywa mbili, mbili, mbili, tatu. Alipowauliza wenyeji, alijibiwa kwamba mdundo ule kwao ni kama blues kwa Wamarekani. Kilichomshangaza mgeni kilikuwa chakula cha kila siku cha mwenyeji. Mwaka 1959 bendi hiyo ilitoa santuri ya Time Out, yenye mdundo huo wa tisa katika "Blue Rondo à la Turk", pamoja na "Take Five" ya mpiga saksofoni Paul Desmond, iliyo katika mapigo matano. Watu waliinunua kwa wingi, nao wengi wao hawakuwa na habari kwamba kuna tano ndani yake.

Wanaroki walifuata nyuma. Tarehe 25 Juni 1967 The Beatles waliimba "All You Need Is Love" katika matangazo ya televisheni yaliyorushwa kwa setilaiti moja kwa moja hadi nchi nyingi za dunia. Beti zake zinakwenda kwa saba, kiitikio kinarudi kwenye nne. Mamilioni waliimba pamoja nao bila kujikwaa. Mwaka 1969 Jethro Tull walifika nafasi ya tatu katika chati za Uingereza kwa "Living in the Past", wimbo wa mapigo matano.

Kisha ukaja mwaka 1973 na "Money" ya Pink Floyd. Huu ndio wimbo unaotajwa kwanza katika kila ubishi, na mimi nampa haki yake kila anayeutaja. Roger Waters alirekodi sauti za sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya kuhesabia fedha dukani. Vipande vya utepe vilipimwa kwa rula, vikakatwa, vikaunganishwa kuwa duara moja la sauti saba linalojirudia. Huo ni uhandisi hasa! Gitaa la besi likaingia juu ya saba hiyo, na saksofoni ikapiga sehemu yake humo humo. Lakini ilipofika zamu ya gitaa la David Gilmour, bendi ilihamia nne ili apate nafasi ya kupumua, kisha ikarudi saba. Wenyewe hawakuwa watumwa wa hesabu yao.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Genesis walitoa "Supper's Ready" mwaka 1972, wimbo wa dakika zipatazo 23 wenye sehemu ndefu ya mapigo tisa. Rush wa Kanada walitoa "YYZ" mwaka 1981, jina ambalo ni herufi za utambulisho za uwanja wa ndege wa Toronto. Mwanzo wa wimbo huo ni herufi hizo kwa alama za Morse. Hesabu mwenyewe: mstari upe vipigo viwili, nukta upe kimoja. Y ni mstari, nukta, mstari, mstari: saba. Y ya pili saba. Z ni mistari miwili na nukta mbili: sita. Jumla 20, ambayo kwenye karatasi huandikwa 10/8.

Hata hivyo, baadhi ya bendi zilifanya ugumu kuwa ndiyo bidhaa yenyewe. Nyimbo zikarefuka, hesabu zikapangwa juu ya hesabu, na ngoma ikivuma sana hupasuka. Mwaka 1976 na 1977 vijana wa panki walijibu kwa nyimbo za dakika mbili tatu, mapigo manne, mbio. Wala nne haikuwa lazima iwe umaskini. "Bohemian Rhapsody" ya Queen, iliyotolewa mwaka 1975 na kutungwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, kwa sehemu kubwa huhesabika kwa nne, lakini hakuna atakayethubutu kusema ni wimbo mwepesi.

Nimeuweka mwisho wimbo uliozua mjadala mkubwa kuliko yote: "Pyramid Song" ya Radiohead, wa mwaka 2001. Piano inaanza peke yake na watu hawajui pigo la kwanza liko wapi. Wapo waliosema ni tano, wapo waliosema ni saba na nane zikipokezana. Dramu zinapoingia katikati ya wimbo, fumbo linafumbuka: ukikata fungu la nne katika vipigo vidogo 16, piano inaangukia kwa mpangilio wa 3, 3, 4, 3, 3. Ni nne ile ile!

Sasa naomba msomaji asogee karibu. Kijana mmoja wa hapa kwetu aliniambia kwamba rumba tunayoicheza sisi wazee harusini ni "nne tupu", haina hesabu. Basi chukua vijiti viwili upige 3, 3, 4, 2, 4. Jumla ni 16. Huo ndio mdundo wa Cuba uitwao klave, wenye asili ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Ulirudi Afrika kwa santuri za GV tangu miaka ya 1930, ukawa uti wa mgongo wa rumba ya Kongo, na kutoka huko ukaenea katika kumbi zetu za dansi. Linganisha na hesabu ya Radiohead: pigo moja tu, la mwisho, ndilo limesogea kwa kipigo kimoja. Na mdundo huo wa 3, 3, 4, 2, 4 ndio alioupiga Bo Diddley mwaka 1955, roki ilipokuwa bado mtoto mchanga. Walichokifanya fumbo wapenda roki mwaka 2001, jamaa yake wa damu alikuwa miguuni mwa wazazi wetu siku nyingi.

Hapa ndipo nilipofikia. Tarakimu za kwenye karatasi ni kipimo, na kila kipimo hupima kitu kimoja na kukiacha kingine. Zinatuambia fungu lina mapigo mangapi, hazituambii ndani ya fungu mna nini. Mwaka ule ule wa "Take Five", 1959, A. M. Jones, aliyewahi kuwa mmisionari katika nchi ambayo leo ni Zambia, alichapisha utafiti wake juu ya muziki wa Kiafrika, hasa wa Waewe wa Afrika Magharibi. Alitumia mashine ya umeme iliyochora kila pigo kwenye karatasi inayotembea. Alionyesha kwamba kila ngoma ina hesabu yake, na mianzo yao haiangukii pamoja. Tarakimu mbili zisingetosha kuueleza muziki huo, ilhali waliokuwa wakiucheza hawakuhitaji hata moja.

Kwa hiyo wanaobishana waendelee, maana ubishi wao umewafundisha wengi kusikiliza kwa makini. Ila vijana wetu wasiupime muziki wa kwao kwa tarakimu ya juu peke yake. Saba inayoimbika ni nzuri, na nne iliyojaa ni nzuri vile vile. Mwenye shaka agonge nne kwa mguu, huku mikono ikipiga 3, 3, 4, 2, 4, kwa dakika tano bila kukosea. Akishamaliza, ndipo atuambie ipi ni nyepesi.