MCHORAJI NA CHUO: HISTORIA FUPI YA KUJIFUNZA SANAA KATIKA NCHI ZETU

(Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio. Mwalimu wa darasa asome polepole, kisha wanafunzi wasome kwa zamu. Mwishoni yapo maneno ya kujifunza na maswali.)

  Chukueni madaftari yenu na kalamu, na wenye miwani wavae.

Leo nataka tuzungumze habari inayoingia katika nyumba nyingi hapa Songea. Mzazi amevuna mahindi. Ameuza magunia, fedha ameziweka kwa ajili ya karo. Kijana wake amemaliza masomo ya sekondari, na sasa anasema, “Baba, Mama, mimi nataka kwenda chuo kusomea kuchora na kuchonga.” Mzazi anashtuka. Anasema moyoni, “Magunia yangu yaende kwa ajili ya picha? Mwalimu anakula, mganga anakula, fundi wa magari anakula. Mchoraji atakula nini?”

Swali hilo si la mchezo. Mzazi anayeuliza hivyo si mjinga, bali anajua bei ya jembe na bei ya mbolea. Lakini hata swali gumu lina historia yake, na anayejua yaliyopita huamua vizuri zaidi. Basi tuitazame historia.

1. Kabla ya vyuo

Sanaa katika nchi zetu ni ya zamani kuliko shule. Wangoni walipofika huku kutoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19, walikuwa na ngao za ngozi ya ng’ombe. Ngao haikuwa kinga tu, ilikuwa pia kitu cha kutazamwa. Wanawake walifinyanga vyungu na kuvitia nakshi kabla ya kuvichoma. Walikuwapo wafumaji wa vikapu na mikeka, na wachongaji wa vigoda na mipini.

Watu hawa walijifunzaje? Mtoto alikaa karibu na mkubwa wake. Alichota maji, alikanda udongo, alitazama mikono ya bibi yake. Chungu chake cha kwanza kilipasuka motoni, na cha pili kikapasuka. Cha tatu kikatoka salama. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Haikuwa na cheti, lakini ilikuwa na mwalimu, zana, mazoezi, na mtihani wa moto.

Kisha ukaja utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, na huko vijana walifundishwa useremala na uashi. Lakini kumfundisha mtu achore picha kwa mawazo yake mwenyewe, jambo hilo halikupewa nafasi kubwa katika shule za wakati ule. Serikali ya kikoloni ilitaka makarani, walimu na mafundi.

2. Darasa lililoanzia nyumbani

Sasa twende Kampala, Uganda. Mwanamke Mwingereza, Bibi Margaret Trowell, ambaye mwenyewe alisomea sanaa London katika chuo kiitwacho Slade, alikuja Afrika ya Mashariki pamoja na mume wake aliyekuwa daktari. Katika miaka ya 1930 alianza kufundisha uchoraji nyumbani kwake. Darasa hilo dogo likakua na kuingizwa katika Chuo cha Makerere, na mwaka 1937 ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kuanza kwake. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi zilionyeshwa London.

Bibi Trowell hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Mara nyingi aliwasimulia jambo, kisha wao wakachora waliyoyaona katika mawazo yao: soko, shamba, arusi, mvua. Alipostaafu mwaka 1958, kazi ilishikwa na Bwana Cecil Todd. Huyu alikaza masomo mengine: elimu ya rangi, kuchora kwa kutazama kitu chenyewe, na historia ya sanaa ya dunia.

Hapo mnaona ubishi ambao haujaisha mpaka leo. Wa kwanza anahofu kwamba mafunzo mengi yatazima sauti ya mwanafunzi. Wa pili anahofu kwamba bila mafunzo ya kutosha sauti hiyo itabaki ndogo. Wote wawili wana jambo la kweli.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba kutoka Kenya. Alijifunza kufinyanga sanamu, akawa mwalimu papo hapo Makerere. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, sanamu ya ukumbusho wa uhuru iliyosimamishwa Kampala ilikuwa kazi yake: mama anamwinua mtoto juu.

3. Kijana wa Machame

Tanganyika nayo ilikuwa na wanafunzi Makerere. Mmoja ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere, akafundisha huko, na mwaka 1952 akaenda London kusoma Slade, chuo kile kile alichosoma mwalimu wake. Alirudi Makerere kufundisha.

Je, alipokuwa Ulaya alianza kuchora majumba ya London na kuisahau migomba? La. Picha zake zilijaa watu wa kwao: wanaolima, wanaovuna, wanaokata majani, wanaobeba pombe ya ndizi kumpelekea bibi arusi usiku. Picha hiyo ya pombe ya ndizi, aliyoichora mwaka 1956, imo katika jumba la sanaa la Museum of Modern Art katika mji wa New York, Marekani. Basi elimu ya mbali haikumnyang’anya kijiji chake. Ilimpa njia ya kukifikisha mbali.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alipelekwa London kuwa Balozi wa Tanganyika. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni, kisha akafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Tazameni basi: mtu mmoja aliyesomea kuchora alikuwa mwalimu, balozi, mkuu wa utamaduni, na muda wote huo alibaki mchoraji.

Mwingine ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932. Naye alisoma Makerere. Alichora picha kubwa ukutani katika kanisa la ukumbusho kule Murang’a, Kenya, zikionyesha maisha ya Yesu katika mandhari ya Kiafrika. Mwaka 1965 alishirikiana na wenzake kuanzisha Paa ya Paa, nyumba ya sanaa mjini Nairobi, na kwa miaka mingi aliwaonya vijana wasiwe watu wa kuiga tu.

4. Mtu wa Tunduru

Wasikilizaji, sasa turudi kwetu. Ukitoka Songea ukafuata barabara iendayo mashariki, utapita Namtumbo, na mwisho utafika Tunduru. Katika nchi ya Tunduru alizaliwa mwaka 1932 Edward Saidi Tingatinga. Mwaka ule ule wa kuzaliwa Njau! Lakini njia zao zilikuwa mbali kama mashariki na magharibi.

Tingatinga hakufika Makerere, wala chuo chochote cha sanaa. Kama vijana wengi wa kusini, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kisha akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi za namna mbalimbali ili apate riziki. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai la wachoraji wala rangi za bei kubwa. Alichukua bao jembamba la mbao zilizosagwa na kushindiliwa, la aina inayopigwa darini, akalikata mraba. Alinunua rangi ya kung’aa ya kupakia baiskeli. Akachora tembo, chui, ndege na watu, kwa mistari safi na rangi kali. Picha zikauzwa Oyster Bay, karibu na maduka ya Morogoro Stores, na wanunuzi wengi walikuwa wageni.

Alikusanya vijana wachache, ndugu na majirani, akawafundisha kwa namna ile ile ya bibi mfinyanzi: kaa karibu, tazama, jaribu. Lakini mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wezi walimpiga risasi kwa kumdhania mwizi, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40 tu. Kazi yake ya uchoraji ilidumu miaka minne hivi.

Mtu angedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Wale aliowafundisha waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji hao waliandikisha chama chao cha ushirika. Leo jina Tingatinga si la mtu mmoja tena, ni jina la namna nzima ya kuchora inayojulikana duniani.

Lakini tusifiche upande wa pili. Picha za namna hiyo ziliigwa na watu wengi sana. Kitu kikiigwa mno bei yake hushuka, na aliyekianzisha, au watoto wake, huenda wasipate kitu. Sheria yetu ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, miaka 27 baada ya kifo cha Tingatinga. Msanii asiyejua haki yake ni kama mkulima anayeuza mahindi kwa kipimo cha mnunuzi.

5. Vyuo vyetu

Baada ya uhuru nchi yetu ilianza kujenga mahali pake pa kufundishia. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na idara ya sanaa, muziki na maigizo. Mwaka 1981 ulianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko hufundishwa ngoma, muziki, maigizo, na pia sanaa za ufundi, yaani kuchora na kuchonga. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimejulikana kwa kuwaandaa walimu wa masomo ya sanaa. Kwa hiyo kijana wa Songea hana tena lazima ya kuvuka mpaka.

6. Historia inatuambia nini?

Kwanza, kipaji peke yake kinaweza kufungua mlango. Tingatinga ni ushahidi. Lakini hata yeye alijifunza kwa kazi, na alipoweza akawa mwalimu. Hakuna msanii asiyefundishwa. Tofauti ni mahali pa kufundishwa tu.

Pili, chuo kizuri humpa mwanafunzi mambo matatu. Humpa muda na zana za kujaribu na kukosea. Humfungulia hazina ya kazi za watu wengine. Na humpa cheti ambacho, siku picha haziuziki, kinaweza kumpatia kazi ya kufundisha. Ntiro, Maloba na Njau wote walishika chaki pamoja na brashi.

Tatu, chuo hakimpi mtu jambo la kusema. Migomba ya Ntiro ilitoka Machame, wala haikutoka London. Kijana wa Songea ana Mto Ruvuma, ana milima ya Matogoro, ana masimulizi ya Vita vya Maji Maji. Hapa mjini kwetu, katika Makumbusho ya Maji Maji, ziko sanamu za mashujaa wa vita hivyo. Watoto wa shule hufika wakazitazama, wakawajua babu zao waliouawa mwaka 1906. Sanamu hizo hazikujitengeneza. Alihitajika mtu ajuaye umbo la mwili na ufundi wa kusimamisha sanamu.

Basi mzazi, usimkatalie mtoto kwa hofu, wala usimkubalie kwa upofu. Mwambie akuonyeshe kazi alizofanya mwaka mzima, si picha moja. Ulizeni chuo kinafundisha nini hasa na waliomaliza wanafanya kazi gani. Mwulize kijana kama yu tayari kufundisha, kuchora mabango, kubuni nguo au vitabu, huku kazi yake ya moyoni ikikua. Akijibu vizuri, magunia yale hayakupotea. Akijibu vibaya, mpe mwaka mmoja wa mazoezi, mwulize tena.

MANENO YA KUJIFUNZA

Karo: fedha za kulipia masomo.
Nakshi: mapambo yaliyochorwa au kuchongwa juu ya kitu.
Kipaji: uwezo ambao mtu amezaliwa nao.
Hakimiliki: haki ya mtu juu ya kazi aliyoibuni.
Ushirika: watu waliounganisha mali na nguvu zao kwa faida ya wote.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Bibi mfinyanzi na mwalimu wa chuo wanafanana katika nini? Wanatofautiana katika nini?
2. Kwa nini Tingatinga alitumia rangi ya baiskeli?
3. Andika sentensi tatu juu ya Sam Ntiro.
4. Bei ya kitu hushuka kikiigwa mno. Je, mmeona jambo hilo sokoni kwenu? Toeni mfano.
5. Ungekuwa mzazi wa kijana yule, ungemjibuje? Kila mmoja aandike barua fupi ya jibu lake, aisome mbele ya wenzake.