Kulandanisha folda si kuhifadhi nakala

KATIKA mtaa wa Matisi, viungani mwa mji wa Kitale, tarakilishi kuukuu yenye kumbukumbu ndogo yaweza kutunza hesabu za duka au alama za wanafunzi kwa miaka mingi. Hatari ni diski kuharibika au stima kupotea ghafla, jinsi ilivyotokea karibu kote nchini Kenya mnamo Agosti 25, 2023.

Anayechagua programu ya kulinda folda zake sharti kwanza atofautishe kazi mbili. Kuhifadhi nakala ni kunakili faili kutoka tarakilishi hadi diski ya nje. Kulandanisha ni kuzifanya folda mbili zifanane. Hivyo faili iliyofutwa kimakosa upande mmoja hufutwa pia upande wa pili.

Rsync, iliyotolewa mwaka wa 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, yafaa kwa kazi ya kwanza. Hunakili yaliyobadilika tu, wala haifuti faili za nakala isipoamrishwa. Unison yafaa kwa ya pili: faili ikibadilishwa pande zote mbili, mwenyewe huulizwa ibaki ipi.

Zote mbili ni za bure, hazihitaji intaneti kunakili kwenye diski, na hufanya kazi zinapoitwa tu, hivyo haziilemei mashine.

Kazi iishapo, diski ichomolewe na kuwekwa mbali na tarakilishi. Mara kwa mara faili moja ifunguliwe humo kwa majaribio, kwani nakala isiyofunguka haimwokoi mtu.