Mabinti katika Historia ya Parokia Yetu



Siku ya jubilei majina mengi husomwa mbele ya altare: mapadri waliofungua misheni, mafundi waliojenga kanisa, makatekista waliotembea kwa miguu toka milimani hata ziwani. Sisi makatekista tumeombwa kuandika machache juu ya vyama vya vijana, nasi tumechagua kuwatazama mabinti, kwa maana majina yao hayasomwi, na huku matunda ya kazi yao tumeyala siku zote.

Malezi ya namna hii hayakuanzia kwetu. Mwaka 1912, padri kijana wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, alipotumwa parokia ya Laeken, mjini Brussels, aliwakusanya kwanza wasichana wafanyakazi, wengi wao washonaji wa nguo. Hakuwahubiria tu. Aliwauliza waliyoyaona kazini, akawazoeza kuyapima kwa nuru ya Injili, kisha kutenda wao wenyewe. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa JOC, chama cha vijana wafanyakazi kilichopata kibali cha Papa Pio XI mwaka 1925. Wengi hudhani JOC ilianza na vijana wanaume. Historia yasema vingine. Hata chama cha Guides kilizaliwa hivyo: mwaka 1909 wasichana wa Uingereza walijitokeza katika mkutano wa maskauti kule Crystal Palace, London, pasipo kualikwa na mtu, na mwaka uliofuata wakapata chama chao. Humo wasichana wachache hufanya kikosi kimoja, na mmoja wao huwa kiongozi. Hujifunza kuongoza kwa kuwa na watu wa kuongoza.

Hapa Kivu, Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe alianzisha Xaveri kule Bukavu mwaka 1952. (Wageni wetu wasichanganye: Xaveri ni chama cha vijana, Wasaveriani ni wamisionari waliofika Uvira mwaka 1958. Msimamizi wao ni mmoja, Mtakatifu Fransisko Xaveri.)

Kisha ukaja mwaka 1964. Jumamosi tarehe 28 Novemba, kesho yake ikiwa Dominika ya kwanza ya Majilio, Bruda Vittorio Faccin alipigwa risasi hapa Baraka. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha, alitoka, akapiga magoti karibu na maiti ya mwenzake, naye akauawa. Siku ile ile, kule Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Siku tatu baadaye, kule Isiro, aliuawa Sista Marie-Clémentine Anuarite, binti wa miaka 24, wa shirika lenye jina la Kiswahili, Jamaa Takatifu. Yeye alitangazwa mwenye heri kule Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na wale wanne kule Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Tangu hapo mabinti wetu wana dada mbinguni, na watoto wa chama cha Kizito-Anuarite hubeba jina lake.

Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilifunga vyama vyote vya vijana vya dini; vijana wote waingie JMPR, chama cha vijana wa MPR. Skafu na bendera zikafichwa masandukuni. Lakini amri ya serikali haiwezi kumkataza binti kumchotea maji mgonjwa, wala kumfundisha mdogo wake Baba Yetu. Kazi ikahamia katika mashirika madogo ya mitaani, bila jina na bila sare.

Tutakalosema sasa linatuhusu sisi wenyewe, wala si la kutupa sifa. Katika vita ya 1996 watu wengi wa Fizi walivuka ziwa mpaka Kigoma, wakapangwa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Sisi tulikuwa vijana wakati ule. Katika shirika letu tulijiundia kamati: rais mvulana, mwandishi mvulana, mtunza sanduku mvulana. Mabinti walifagia kikanisa, waliwatembelea wazee, na kila juma walichanga shilingi chache kununua sabuni na vitambaa vya wamama wenye kuzaa. Ufunguo wa sanduku ulikuwa kwetu. Noeli ilipokaribia tulitwaa fedha zile kwa ajili ya karamu, tukisema tutazirudisha. Baada ya siku chache mama mmoja akashikwa na uchungu usiku. Mabinti wakaja kuomba fedha ya sabuni, sanduku likafunguliwa mbele yao, tupu.

Hawakupiga kelele. Jumapili iliyofuata tulikuta kikanisa hakikufagiliwa. Kiongozi wao, binti wa miaka kama 16, akatuambia, “Ndugu zetu, kazi hatujaikataa. Tumekataa kuchanga mahali tusiposhika ufunguo.” Tuliona haya. Tulibishana majuma mawili, maana wenzetu wengine waliona ni utovu wa heshima, mwishowe tukampa ufunguo. Tangu siku ile hatukusikia tena sanduku limepungua, na mabinti wenye kuchanga wakaongezeka.

Kuanzia mwaka 2005 meli kutoka Kigoma zikawarudisha watu hapa Baraka. Yakaja pia mashirika ya misaada, na mafunzo yenye posho ya kila siku. Mabinti wakaanza kutuuliza parokiani, “Na posho iko wapi?” Tuliwakemea, tukawaita wapenda fedha. Tulikosa. Binti ambaye jamaa yake imerudi na kukuta shamba limekuwa pori hawezi kutoa siku nzima bure. Mama yake anamngoja na jembe. Tulipohamishia mikutano Jumamosi jioni, baada ya shamba, neno la posho lilipungua. Halikwisha. Jambo linalotuumiza zaidi ni ndoa za mapema: sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto yakataza kuoza mtu wa chini ya miaka 18, lakini bado twaona kiongozi aliyelelewa miaka mitatu akitolewa mahari, na daftari lake linabaki pasipo mwenyewe.

Kwa sherehe hii ya jubilei, wazee tuliwaomba mabinti sanduku lao lisaidie gharama. Mara ya kwanza walikataa. Mara ya pili walijibu kwa barua yenye sahihi tatu: wanatoa nusu, kama mkopo, na tarehe ya kuurudisha imeandikwa humo. Ni Jumapili ya pili baada ya sherehe.