Rudisha Kama Ulivyokuta

IBM PC ilipoingia sokoni mwaka 1981, ndani yake mlikuwa na chipu ya kuhesabu muda, Intel 8253. Ilihesabu kwa kushuka, mara 1,193,182 kila sekunde. Kasi hiyo ya ajabu ilitokana na fuwele iliyolingana na masafa ya televisheni za rangi za Marekani. Hesabu ilikuwa ya biti 16, ila poti yake ilipitisha 8 tu kwa mpigo. Aliyetaka kuisoma aliamuru igandishwe, akachukua baiti ya chini, kisha ya juu.

Miaka ya 1990, mfumo endeshi wa FreeBSD uliitegemea chipu hiyo na mrithi wake, 8254, katika rutini ya DELAY: dereva, yaani programu inayoendesha kifaa, anayesubiri mikrosekunde chache huisoma hesabu tena na tena hadi muda utimie. Tuseme hesabu ni 10,250, yaani baiti ya juu 40, ya chini 10. Dereva amechukua 10. Kabla hajaichukua 40, kadi ya mtandao inapiga hodi kwa ukatizaji na prosesa inakwenda kuihudumia. Msimbo wa kadi nao unaita DELAY. Amri yake ya kugandisha inapuuzwa, maana ile ya kwanza haijasomwa yote. Unapewa 40 ukidhani ni baiti ya chini, halafu 5 kutoka kwenye hesabu inayoendelea kushuka. Unaunganisha 1,320 badala ya 10,245.

Dawa ni kuzima ukatizaji wakati wa kusoma. Kuzima ni rahisi. Mtego uko kwenye kuwasha. Je, kama aliyekuita alikuwa ameshazima kwa sababu zake? Jambo hili lilijulikana tangu Unix toleo la 6, mwaka 1975. Humo rutini ya iowait, ikimaliza, hushusha kipaumbele cha prosesa hadi sifuri, yaani huruhusu ukatizaji wote, bila kuuliza. Lakini rutini ya brelse, inayoweza kuitwa katikati ya ukatizaji, huhifadhi kwanza hali ya prosesa na kuirudisha ilivyokuwa. FreeBSD ilifuata njia ya brelse: hifadhi rejista ya bendera, inayoonyesha kama ukatizaji umewashwa, zima, soma, rudisha. Katikati ya usomaji mmoja na mwingine ukatizaji uliruhusiwa, kwa hiyo subira iliweza kurefuka, na madereva wengi hilo haliwadhuru.

Zilipokuja mashine za prosesa nyingi, kuzima ukatizaji kwenye prosesa yako hakukuizuia prosesa jirani kuisoma chipu ileile. Ikabidi kuongeza kufuli. Baadaye DELAY ikahamia, palipowezekana, kwenye kihesabio kilichomo ndani ya prosesa zenyewe tangu Pentium ya 1993, ambacho biti zake 64 husomwa kwa amri moja.